Kisa Kilichokalishwa Kikao

Mama yangu alianza kusoma kwa vidole akiwa na miaka sita, na mpaka alipofika hamsini hakuna aliyewahi kumsikia akikatika katikati ya sentensi. Ndiyo maana kazini kwake wanamwita Bi Vidole. Kazi yenyewe ni kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu vya wasioona. Kabla kitabu hakijaenda mashineni, karatasi za kwanza, zile zenye nukta zilizoinuka, huletwa mezani kwake. Yeye anapitisha vidole na kusoma kwa sauti. Mkabala naye anakaa mwenzake anayeona, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu tu, ameshika kitabu cha kawaida akifuatilia neno kwa neno. Nukta ikikosewa, Mwalimu anasema "hapo", Mama anatia alama, wanasonga mbele. Wamekaa hivyo miaka kumi na tisa na wamegombana mara mbili tu, zote mbili kwa sababu ya dirisha. Mwalimu analitaka wazi, Mama anasema upepo unamfunulia kurasa.

Mwaka ninaousimulia walikuwa wanasahihisha tafsiri mpya ya Biblia. Biblia ya nukta ni kabati zima. Inafika majalada arobaini, na kila jalada unalipakata kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kwa ajili ya kuokoa karatasi, kiwanda kilikuwa na desturi ya kuacha nje tanbihi zote, yale maelezo madogo yanayokaa chini ya ukurasa. Safari hii aliyeingiza maandishi kwenye kompyuta, alipofika Yohana, alisahau kuziondoa.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, walifika kwenye Yohana, pale sura ya saba inapopakana na ya nane, kwenye kisa cha yule mwanamke aliyefumaniwa na kuletwa mbele ya Yesu ili apigwe mawe. Vidole vya Mama vikakuta mabano. Vikashuka chini kutafuta maana ya mabano, vikakuta tanbihi: nakala za kale zaidi hazina kisa hiki.

Mama akakatika katikati ya sentensi.

"Rudia," Mwalimu alimwambia, akidhani amepotea mstari.

"Sijapotea. Kwako imeandikwaje?"

"Hivyo hivyo."

"Tangu lini?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Mbona hata Biblia yangu ya nyumbani inayo. Ni ya zamani, ilikuwa ya marehemu mume wangu. Iko chini pale, kwa herufi za sisimizi. Sijawahi kuitilia maanani."

"Kwa hiyo wenye macho mnajua siku zote."

"Hatujui, mwenzangu. Hatusomi tu."

Mama akafunika karatasi, akachukua fimbo yake, akaondoka. Mkurugenzi alipouliza, Mwalimu akamwambia Bi Vidole anaumwa. Kwa namna fulani hakudanganya.

Nilimkuta nyumbani nilipotoka zamu ya asubuhi. Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali, na siku hiyo nilirudi mapema. Alikuwa anapiga pasi. Mama akiwa na jambo hupiga pasi hata mashuka. Nikaketi, nikamngoja. Aliponieleza, nikaelewa mara moja kwa nini shuka lile limenyooka kama karatasi.

Kisa kile ndicho kilichonipa mimi nafasi duniani. Mama alikuwa na miaka ishirini na mbili, sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliposhika mimba yangu bila ndoa. Baba alihama mji kabla tumbo halijaonekana. Baraza la wazee wa kanisa likakutana kumjadili, na barua ya kumtenga ilikuwa imeshaandikwa, imebaki kutiwa saini. Yeye aliwekwa kwenye benchi nje ya mlango. Aliyosikia kupitia mlango ule amenisimulia tangu sijaota meno: mabishano, kisha sauti ya mchungaji wa wakati ule, sasa ni marehemu, akisoma kisa cha yule mwanamke. Akakisoma mara mbili. Kisha kimya. Kisha kitu kidogo kikagonga meza, kama kijiko. Kisha viti vikasogea, watu wakatoka mmoja mmoja, na hakuna aliyemwambia neno isipokuwa mchungaji, aliyemwambia asichelewe mazoezi ya Jumamosi. Mimi nilibatizwa kwenye kanisa hilo hilo, na wanakwaya waligombania kunibeba.

"Sasa naambiwa hakikuwamo," Mama alisema, akigeuza shuka. "Nimesimama juu ya kitu miaka yote hii, kumbe kimechomekwa."

"Mama, tanbihi moja tu hiyo. Achana nayo."

"Usinipulizie kama chai ya moto. Wewe kule maabara ukiona mdudu kwenye damu ya mtu, unamficha asije akahuzunika?"

"Hapana."

"Unaandika nini?"

"Naandika nilichokiona."

"Basi na mimi nataka kuambiwa kilichoonekana." Akazima pasi. "Nipigie namba ya Daktari."

Daktari aliyemtaka si wa hospitali. Ni msomi wa lugha za kale aliyeongoza jopo la watafsiri. Siku ya kwanza alipofika kiwandani mlinzi alisikia anaitwa Daktari, akapandisha suruali amwonyeshe goti lake linalouma, naye badala ya kumsahihisha akainama akaliangalia. Tangu hapo tunamwita Daktari wa Herufi. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alikuja kwenye chumba cha kusahihisha. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nami nilikuwepo. Mwalimu pia alikuwepo, na dirisha lilikuwa wazi, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kugombana.

"Dada," Daktari alianza, "nikulainishie au nikwambie?"

"Nimelainishiwa ya kutosha."

"Basi nitakwambia. Sidhani Yohana ndiye aliyekiandika kisa kile. Nakala kongwe tulizo nazo zinapita hapo moja kwa moja, kama vile hakijawahi kuwapo. Na maneno yake si ya Yohana. Ni kama uko chumbani unamsikiliza mtu, mara mwingine anaingia na kuanza kuongea."

 Mama akasema, polepole, "Hilo nililijua."

"Ulilijua?"

"Vidole vilijua. Hapo mwendo hubadilika. Yohana huzunguka neno moja mara tatu kabla hajaliachia. Hapo hazunguki, anakwenda. Nilidhani nakimbia mimi kwa sababu napapenda."

Daktari akacheka kwa mshangao, akamwambia kwamba yeye mwenyewe ilimchukua miaka minne ya chuo kuona hilo.

"Usinisifu," Mama alisema. "Nani alikiingiza?"

"Hatujui. Kilikuwa kinatangatanga. Nakala nyingine zimekiweka hapo, nyingine mwisho kabisa wa Yohana, nyingine zimekipeleka kwa Luka. Kuna wanakili walioweka vialama pembeni, kama kusema, hiki sina hakika nacho lakini sithubutu kukiacha. Na kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote. Zipo nakala mbili za zamani ambazo mwandishi amefika mahali pale, amekiruka, halafu ameacha nafasi tupu."

"Tupu vipi?"

"Hakuna kitu. Ngozi tu. Anaendelea na habari inayofuata chini yake."

"Nafasi kubwa kiasi gani?"

Daktari akauchukua mkono wa Mama, akauburuta juu ya meza kwa upana wa safu, kisha akaushusha. "Hivi. Katika moja ya hizo, hata ukitaka kukiingiza, hakienei chote. Hakuwa nacho kwenye nakala aliyokuwa anaifuata, lakini alijua kipo duniani. Akakiachia kiti."

Mama alirudisha mkono mahali palepale, akaupitisha tena juu ya mbao, peke yake.

"Na wewe," alimwuliza, "ukishayajua haya yote, unasali?"

Mwalimu alikohoa, maana swali lile lilikuwa kali. Daktari hakukasirika. Akasema alipojifunza mambo haya mara ya kwanza aliacha kusali miezi minane. "Nilitaka kitabu kilichodondoka kutoka juu bila kuguswa na mkono wa mtu. Nikakikosa, nikaona nimekosa vyote. Kisha nikapewa kazi ya kukaa na picha za nakala hizo, moja baada ya nyingine. Mtu karuka mstari, kaurudisha pembeni. Mtu katonesha mafuta ya taa. Mwingine kaandika chini kabisa kwamba mkono unamuuma na msomaji amwombee. Kila karne, dada, kuna mtu ameinama mezani ili neno lisipotee. Nikajiambia, ikiwa Mungu alitaka kutufikia, basi njia aliyopita ni hii, mikononi mwa watu kama wale. Nikaanza tena, kwa sauti ndogo. Siku hizi imerudi kuwa kubwa."

"Na kisa chenyewe, kilitokea?"

"Siwezi kukuapia. Wengi wetu tunaamini ni habari ya zamani sana, iliyosimuliwa kwa mdomo muda mrefu kabla haijapata pa kuandikwa."

Hapo Mama akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatabasamu.

"Mimi cheti cha kuzaliwa nilikipata nina miaka kumi na tisa," alisema. "Mpaka hapo nilikuwa nasimuliwa tu."

Mwalimu akaangua kicheko mpaka akafuta miwani. Mama akangoja atulie.

"Kwa hiyo kililetwa mbele za watu," aliendelea, kama anayejisemea. "Wengine wakasema kitoke, si cha hapa. Wengine wakasema kibaki. Kikawekwa nje ya mlango. Na mwishowe hawakukitenga." Akageuza uso upande wangu. "Unasikia, mwanangu? Nacho kilikalishwa kikao."

Alasiri ile alirudi kazini, akasoma tanbihi hadi nukta ya mwisho, akamwomba Mwalimu aseme "sawa".

Lingekuwa limekwisha, lakini habari ilifika kwa mwenyekiti wa bodi ya kiwanda. Huyu ni mzee wa kanisa wa miaka sabini na minne, mtu safi, mpole, ila hawezi kuishi bila kumbukumbu za kikao. Hata kwenye harusi huuliza nani anaandika. Tunamwita Mzee Muhtasari. Alileta agizo kwa maandishi: tanbihi zote ziondolewe kama ilivyokuwa siku zote, na yale mabano nayo yatoke, ili wasioona wasije wakayumbishwa bure.

Mwalimu alimsomea Mama barua ile. Mama akamwomba alirudie neno "wasioona". Kisha akamwambia amwandikie Mkurugenzi kwamba msahihishaji anaomba kusikilizwa na bodi.

Bodi ilikutana Jumanne saa nne asubuhi, kwenye chumba cha mikutano juu ya ghala la karatasi, ambako feni ya ukutani hupiga kelele kuliko inavyopuliza. Wajumbe tisa. Daktari aliitwa kama mtaalamu. Mimi niliomba ruhusa kazini nikakaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Mama alipanda ngazi mwenyewe, akahesabu viti kwa fimbo, akakaa.

Mzee Muhtasari alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema hapingi elimu. Alisema wenye macho wana vitabu vingine vya kuwafafanulia, lakini msomaji wa nukta yuko peke yake chumbani na jalada lake. Ukimwambia hiki hakikuwamo na kile hakina uhakika, nani atamshika mkono? "Watu hawa wana mizigo tayari," alisema. "Tusiwaongezee."

"Bi Vidole," Mkurugenzi akasema, "karibu."

Mama hakusimama. Aliweka mikono mezani.

"Mzee wangu, nashukuru kwa huruma. Najua ni ya kweli. Lakini naomba mnisikilize mzigo wangu ulivyo. Nimesoma Biblia tangu utoto, nimeisahihisha miaka kumi na tisa, na sikujua kwamba niliyokuwa nayo ni ya mkato. Mwalimu hapa alikuwa na tanbihi ile kabatini kwake, yeye akachagua kutoisoma. Mimi sikuchagua. Mlinichagulia. Na siku nilipoikuta, kilichoniuma sana hakikuwa yale yaliyoandikwa. Ni kwamba nilikuwa wa mwisho kujua."

Feni ikapiga kelele. Mjumbe mmoja akaomba izimwe.

"Mnasema nitayumba," Mama aliendelea. "Ni kweli, niliyumba. Nikapiga pasi mashuka yote ya nyumba. Kisha nikauliza, nikajibiwa, na leo nakipenda kisa kile kuliko zamani, kwa sababu nimejua kilivyosumbuka kufika kwangu. Imani yangu ya jana ilikuwa ya mtu aliyefungiwa mlango asione mvua. Ya leo imelowa, na bado inatembea. Mnaogopa kwa niaba ya Mungu. Yeye sijasikia akiwatuma."

Mzee Muhtasari alikuwa amevua miwani. Nilidhani amekasirika. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Hiyo hofu si ya niaba ya Mungu, binti yangu. Ni yangu." Akaiweka miwani mezani. "Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa baraza siku ile ulipojadiliwa. Barua niliiandika mimi. Wa kwanza kutia saini nilikuwa mimi, na kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi mchungaji alipoanza kusoma. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na nilijiona sina doa. Kisa kile kiliniokoa mimi kabla hakijakuokoa wewe. Niliweka kalamu chini, na tangu siku hiyo sijamwandikia mtu barua ya namna ile. Sasa Daktari huyu ananiambia Yohana hakukiandika. Mimi nimesimama juu ya nini?"

 Nilimtazama Mama. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo. Miaka ishirini na minane alikuwa akisimulia ule mlio wa kitu kilichogonga meza, na hakujua kamwe ni kitu gani wala ni mkono wa nani.

"Kumbe ilikuwa kalamu," alisema.

"Ilikuwa kalamu."

"Nilidhani kijiko." Akavuta pumzi. "Mzee, uliposikia kisa kile, kabla hujaiweka chini, ulimwuliza mchungaji nakala yake ni ya karne ya ngapi?"

Mjumbe mmoja akacheka, akajizuia. Mzee mwenyewe akatikisa kichwa, kisha akakumbuka nani anamwuliza, akasema, "Sikumwuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua ni kweli."

"Basi ilikuwa kweli, na bado ni kweli. Kalamu ilishuka. Mimi nikabaki kwenye kwaya, mwanangu yule pale nyuma akabatizwa. Hakuna tanbihi inayoweza kuipandisha tena kalamu ile, baba. Waache wenzangu wasome kila kitu. Na wao wana kalamu zao za kuweka chini."

 Mzee alitafuta kitambaa mfukoni, hakukipata, Daktari akampa chake.

Mkurugenzi aliomba wanaounga mkono tanbihi zibaki wanyanyue mikono. Mama hakuweza kuiona, lakini alisikia mikono ya mashati ikipanda, akaniambia baadaye alihesabu saba. Mimi niliiona. Ilikuwa minane, na wa tisa alikuwa Mzee Muhtasari, aliyesimama kabisa, akanyanyua wake, kisha akamwambia mwandishi wa kikao aweke wazi kwamba uamuzi ni wa wote bila kupingwa, na kwamba hoja imetolewa na msahihishaji.

Kazi iliyofuata ilichukua miezi kumi na mmoja. Majalada yote yaliyokwisha kusahihishwa yalirudishwa mezani kuongezewa tanbihi. Yohana ilinenepa ikawa majalada mawili. Mwalimu alilalamika kila siku kwamba herufi ndogo zinamla macho, na kila siku alifika kabla ya Mama. Daktari aliandika upya maelezo kadhaa kwa sababu Mama alimwambia hayaeleweki. "Umeandika kwa ajili ya wenzako," alimwambia kuhusu moja. "Andika kwa ajili ya mtu aliye peke yake chumbani."

Jumapili ya kuiweka wakfu Biblia ile, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mama alipanda mimbarini na jalada la kwanza la Yohana kifuani. Akalifungua, akasoma kisa kile chote. Nimemsikia akikisoma mara nyingi, lakini siku ile sauti yake ilikuwa ya mwanakwaya wa miaka ishirini na mbili asiye na wa kumwogopa. Alipomaliza, watu wakadhani amefika mwisho, wakaanza kuitikia. Akanyanyua mkono mmoja wanyamaze, wa pili ukashuka chini ya ukurasa. Akasoma tanbihi, kwa sauti ile ile, bila kuishusha: kwamba nakala za kale zaidi hazina kisa hiki, kwamba nyingine zimekiweka kwingine, kwamba wapo walioacha nafasi. Kisha akasema, "Hili ndilo neno tulilopokea, na hivi ndivyo tulivyolipokea." Akafunga jalada.

 Kutoka kiti cha wazee, mtu mmoja wa miaka sabini na mitano akasimama akaanza kupiga makofi, na kanisa zima likamfuata, mpaka vioo vikatetemeka. Mimi nililia bila aibu. Mwalimu alikuwa ameshanipita.

Wiki ya tatu baada ya majalada kusambazwa, simu zikaanza kiwandani. Tulizitegemea za malalamiko. Ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja asiyeona, fundi wa kurekebisha vinanda, kutoka mji wa mbali. Mkurugenzi aliiweka kwenye spika ili wote tusikie.

"Nimekuta tanbihi mwisho wa Marko," alisema yule bwana. "Nikamwuliza mchungaji wetu. Akasema hakuna kitu kama hicho. Nikamwambia, Mchungaji, fungua ya kwako, angalia chini kabisa. Nikamsikia anavaa miwani."

"Akasemaje?" Mama aliuliza.

"Akasema, kaa tusome pamoja. Tumesoma mpaka mke wake akaja kumfuata. Sasa nina maswali kumi na manne, dada, na yeye ana sita. Unayo nafasi?"

Mama akavuta kiti, akamwashiria Mwalimu alete karatasi.

"Ninayo," akasema. "Anza na la kwanza."